Kuonja Si Kula

Kibokoni, Mombasa
3 Novemba 2024

Kwa mpwa wangu, Daktari Areej,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, umekula na umelala, maana nyinyi madaktari kazi yenu kuwalaza watu na wenyewe hamlali. Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako Mona akusalimu sana, na auliza kama pilipili za huko Chennai bado zakuliza. Mwanangu Nasser amepata kazi bandarini na sasa ajiona yeye ndiye aliyeileta meli Mombasa. Paka wetu amezaa juu ya magunia ya pilipili kavu, na watoto wake wote wapiga chafya tangu walipozaliwa.

Najua wacheka kwamba mjomba wako aandika barua zama hizi za simu. Lakini nyumba yetu waijua. Simu ikilia, Mona aiweka spika, jirani wa juu ateremka kusikiliza, na Nasser ajibu kabla yangu. Nikitaka kusema nawe maneno mawili ya faragha, karatasi ndiyo mlango pekee uliobaki. Basi Kamaludin, yule muuza viatu wa Bondeni, yuaja huko kutibiwa goti, nami nimempa bahasha hii na chupa mbili za achari. Moja yako. Ya pili akiila njiani, msamehe, mgonjwa yule.

Sasa habari zangu. Areej, nimepona! Wakumbuka nilivyotoka huko mwezi wa nane, nimekatwa ini karibu nusu, mikono baridi kama samaki wa barafu, natembea nimeinama kama niliyeangusha pete? Huyo hayupo tena. Mikono yangu sasa ni moto, moto kabisa. Nikimpa mtu mkono msikitini ashtuka. Mshipa wa hapa kifundo cha mkono wadunda hata Mona auona kutoka upande wa pili wa chumba. Damu imerudi, na imerudi kwa nguvu.

La pili ndilo litakalokufurahisha zaidi. Presha yangu, ile iliyonisumbua miaka kumi na mitano, imeshuka yenyewe! Nilipimwa kwa muuza dawa wa hapa chini, mara mbili, akasema iko chini kuliko yake yeye. Nyinyi mlikata ini na kumbe presha nayo mkaikata humo humo. Ningelijua ningelikuja mapema.

Na nimepata mwili. Nimempelekea Hadi, yule fundi wa kushona, kanzu zangu azipanue. Jana napita Mji wa Kale, wanawake wameketi barazani, mmoja akasema kwa sauti, "Mashallah, Muhdhar yuwanona kama bwana harusi!" Mona akanivuta kanzu, tukaongeza mwendo mpaka nyumbani.

Nimerudi dukani kwenye mapipa yangu ya achari. Mejumaa, msaidizi wangu, ameyatunza vizuri, lakini watu wataka mkono wangu. Je, utakuja Idi? Nijibu hilo.

Mjomba wako akupendaye,
Muhdhar


Chennai
21 Novemba 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Nakubusu mkono kutoka mbali, na mkaza mjomba Mona nambusu yote miwili. Kamaludin amefika salama. Goti lake litatengenezwa wiki ijayo, na chupa ya pili imefika imebaki robo. Mwenzangu wa chumba alionja achari yako kwa ncha ya kijiko, akalia machozi, kisha akachukua kijiko kikubwa. Mvua huku ni ya kila siku na viatu vyangu vimeota ukungu. Mwambie Nasser meli nyingine imekwama huku, aje ailete.

Mjomba, nina jambo la furaha la kukueleza. Wajua nilikuwa nabeba faili na kushika taa tu. Sasa nimeingizwa katika kundi linalochunguza damu huenda wapi baada ya ini kukatwa. Tunatia mrija mwembamba kama uzi kwenye mshipa, tunapima msukumo wa damu kabla ya kukata, kisha tunapima tena baada ya kukata. Nimeiona kwa macho yangu! Namba ilipanda mbele yangu kipande cha ini kilipofungwa tu. Nilitaka kupiga kelele mle ndani.

Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Damu yote inayotoka matumboni lazima ipite kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, kama magari yatokayo kisiwani kwenda bara yapitavyo daraja la Makupa. Ini lako lilikuwa limekakamaa kwa makovu ya ile homa ya ini uliyoishi nayo bila kujua, kwa hiyo njia ilikuwa finyu tangu zamani. Kisha uvimbe ukaota, ikabidi tukate. Lakini magari ni yale yale, Mjomba, na tumefunga nusu ya barabara. Msongamano unarudi nyuma.

Mwili ukiona hivyo hufungua mishipa mingine kila mahali. Mishipa ikipanuka, mikono huwa moto na kifundo hudunda. Moyo hukimbia kuijaza mishipa yote hiyo, na presha hushuka. Umeona ninakokwenda? Barua yako ilikuwa ya furaha tupu, nami niliisoma nimesimama, na nilipofika mwisho nikakaa chini. Mikono moto, mshipa kudunda, presha kushuka: kila ulichokiita kupona ndicho tunachokitafuta kwa hofu kwa wagonjwa wetu.

Usiogope. Kwa wengi hali hii hutulia ini linapoota tena, na ini huota, Mjomba, hata lililochoka, ingawa polepole. Tunachohitaji ni muda bila kuliongezea mzigo. Na mzigo mkubwa ni chumvi. Presha ikishuka, figo hudanganyika. Hudhani mwili umekauka, zikakamata kila punje ya chumvi inayopita. Chumvi ikikamatwa, maji hubaki nayo, na maji hayo hutafuta pa kukaa.

Kwa hiyo nijibu haya, na unijibu yote. Bado wameza vidonge vyako vya zamani vya presha? Acha leo leo, na umwambie daktari. Wala chumvi? Na huo mwili ulioupata, umeupata wapi, mashavuni na mabegani, au tumboni? Ukibonyeza mguu juu ya kifundo, kidole chaacha shimo?

Mimi mzima, nala, nalala kidogo.

Mpwa wako,
Areej


Kibokoni, Mombasa
30 Desemba 2024

Areej, mboni ya jicho,

Wa alaykum salaam kwa salaam zako, na salaam nyingine juu yake. Barua yako ilikaa kwa Kamaludin mpaka aliporudi na goti lake jipya, ambalo amelionyesha Bondeni nzima kama mkufu. Hatujambo wote. Watoto wa paka tumewagawa, mmoja amekwenda kwa Hadi fundi na hulala ndani ya kanzu za watu. Nasser asema meli hiyo haimhusu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na la kwanza nililolisema ni mashallah. Binti wa nyumba hii ashika mrija ndani ya mshipa wa mtu! Nimemweleza Mona habari ya Makupa, naye amemweleza jirani wa juu, na sasa kila mtu mtaani ajua kwamba ndani ya tumbo langu pana foleni.

Nakujibu. Vidonge vya presha nimeviacha siku ile ile, na Mona amevifungia kabatini na ufunguo ameuvaa shingoni. Chumvi nimeipa talaka tatu. Wallahi, Areej. Mona anipikia sufuria yangu peke yangu, wali mweupe, samaki mweupe, mchuzi usio na jina. Nakula na naomba dua. Achari sahani yangu haijaiona tangu nirudi, na mimi ndiye mwenye mapipa! Nipe sifa yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata usingizi limeninyima kwa furaha. Rajabu yaingia, Ramadhani yaja, na safari hii oda zimefurika. Harusi nne za Shaabani, mahoteli mawili, na Waarabu wa Malindi wamerudi baada ya kununa miaka mitatu. Nami nimebuni achari mpya. Maembe mabichi, tende kidogo, ukwaju, na pilipili ya kukausha moshini. Mejumaa alisema tende na chumvi hazikai nyumba moja. Nikamwambia subiri. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri twaenda pipa kwa pipa, mimi na upawa wangu. Hili nionje, lataka chumvi. Nitie, nikoroge, nionje tena. Lile limezidi, nipunguze, nionje. Juzi lilinikaa sawa ulimini pipa la saba, nikapiga kelele mpaka mwadhini akachungulia dirishani. Mejumaa kazi aijua miaka ishirini, lakini ulimi wake umekulia karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, kwake yeye hata bahari haijakolea. Kuonja ni kwangu mimi, kama kulivyokuwa kwa babu yako.

Yale maswali yako mengine tutazungumza, inshallah. Na wewe hukunijibu langu. Utakuja Idi?

Mjomba wako,
Muhdhar


Chennai
23 Januari 2025

Mjomba,

Salaam kwa wote, wa juu na wa chini. Mimi mzima. Samahani, leo sina subira ya kusalimia mtu mmoja mmoja.

Barua yako ilikaa Mombasa wiki tatu kusubiri mtu wa kuileta, nami nimeipata jana mchana kwa mama mmoja wa Ganjoni aliyemleta mwanawe kutibiwa macho. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nilipofika kwenye upawa nikaacha sahani yangu pale pale nikakimbia nje kukupigia simu. Na wewe, mbele ya mkaza mjomba Mona, mbele ya Nasser, mbele ya jirani wa juu ambaye nilimsikia akikohoa, ukasema mikono bado moto, na ukaniapia kwa Mungu kwamba huli chumvi. Nikakuuliza, "Na kwenye mapipa?" Ukacheka. Ukasema, "Ah, huko naonja tu. Kuonja si kula! Muulize sheikh yeyote, hata saumu haibatiliki kwa kuonja." Nyumba nzima ikakuunga mkono. Nilisikia hata Nasser akisema "kweli kabisa."

Mjomba, nimeipata! Kama si barua hii ningekaa zamu nzima ya usiku najiuliza kwa nini mtu asiyekula chumvi mishipa yake haitulii, na kumbe jibu liko ndani ya upawa! Mpishi aliyefunga huonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Wewe watema? Wewe ambaye hujapata kutema achari katika maisha yako? Asubuhi mpaka adhuhuri, pipa kwa pipa, unameza maji ya chumvi yaliyokolea kuliko bahari, kisha waenda nyumbani kula wali mweupe na kuomba dua. Sheria ya saumu nimeisoma kwako wewe mwenyewe, sibishani nayo. Lakini figo hazijui fatwa. Kwao kilichopita kooni kimeliwa.

Nimekasirika na nacheka, na nafurahi, nakuambia ukweli. Nafurahi kwa sababu hiki ni kitu cha kuacha. Ningelijua ini limechoka lenyewe, ningelikuwa na maneno mengine ya kukuandikia, na neno moja miongoni mwao sitaki kuliandika bado. Sasa labda sitalihitaji. Labda ini lako limekuwa likiota miezi yote hii, na sisi tumekuwa tukilimwagia bahari juu yake.

Lakini hukunijibu kuhusu tumbo. Nimeuliza Novemba. Umenijibu vidonge, umenijibu chumvi, umenieleza mpaka paka aliyelala ndani ya kanzu. Tumbo na miguu umeviruka kama mtu arukaye dimbwi. Wewe si msahaulifu, Mjomba. Kwa hiyo sikuulizi tena. Nakuomba uende kwa Daktari Joy, ana kliniki yake Ganjoni, tulisoma pamoja na nimeshamwandikia. Ukifika atajua cha kufanya. Nenda wiki hii. Mwambie kuhusu mapipa, usimwambie kuhusu saumu.

Na upawa mpe Mejumaa. Najua ninachokuomba. Najua ulimi wako ndio jina la duka. Nakuomba vivyo hivyo.

Areej


Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2025

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Mona hajambo, Nasser hajambo. Naandika nikiwa peke yangu dukani, wengine wamekwenda Makupa kupokea magunia ya ndimu.

Nilikwenda. Daktari Joy ni msichana mpole mpaka ashikapo sindano. Alinilaza, akanigonga tumbo kwa vidole kama mtu achaguaye tikiti maji, kisha akanitoboa na kuteka maji. Areej, yalitoka kama maji ya bomba. Aliyatazama kwenye mwanga akasema ni safi, hayana usaha. Ameyapeleka yapimwe, na mimi amenipitisha kwenye mashine ya picha. Uvimbe hajauona mahali. Amenipa vidonge vya kukojoa, na sasa hakuna msikiti kati ya hapa na Ganjoni ambao sijui choo chake kiko upande gani.

Upawa nimempa Mejumaa. Alirudi nyuma kama niliyempa nyoka.

"Mimi nionje, bwana? Na watu wakisema?"

"Onja."

"Na nikikosea?"

"Utakosea kama nilivyokosea mimi. Onja, mama."

Akaonja. Mimi nikasimama namtazama uso. Nimegundua akikunja jicho la kushoto, chumvi yatosha. Akikunja yote mawili, imezidi. Kazi yangu sasa ni kusoma macho ya Mejumaa, na nikuambie kweli, siku ya kwanza nilikwenda nyuma ya duka nikalia. Mdomo wangu ulikuwa mtupu. Tangu nina miaka tisa haujapata kuwa mtupu saa zile.

Sasa lile la tumbo. Hukukosea, niliruka. Nilipokuandikia Novemba kwamba nimepata mwili, mikono yangu ilikuwa imekonda, naiona kila nikitia udhu. Mwili wote ulikuwa tumboni. Wale wanawake barazani wakasema mashallah, nami nikatembea kwa maringo, na moyoni nilikuwa nasikia mashallah nyingine, ile waliyoambiwa watu wa nyumba yetu kuhusu mamako. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Dada yangu Alwiya, mamako, alinenepa hivyo hivyo. Watu wakampongeza, wakamletea vitambaa vya kushonea nguo pana, naye akavipokea na kucheka. Baada ya miezi michache tukamzika. Hakuna aliyetutajia neno ini.

Basi mimi nilipoona kikoi changu hakikutani, nikajua. Nikasema zamu yangu imefika, na nisimwambie Areej, yuko mbali na ana mitihani. Nilikuwa nafurahia kila pipa kama mtu anayeaga. Nilipokuwa nikipiga kelele kwenye pipa la saba, sehemu moja ya kelele ile ilikuwa hofu.

Daktari Joy amesema majibu yote yatakuwa tayari kabla ya Ramadhani. Niombee.

Muhdhar


Chennai
24 Februari 2025

Mjomba,

Safari hii nimewahi. Kamaludin amerudi huku na goti la pili, na aondoka kesho alfajiri, amekaa kitandani anisubiri nimalize.

Joy amenitumia majibu yako. Nimeyasoma na mkubwa wangu wa kazi, nikayasoma tena peke yangu, kisha nikamkumbatia mfagiaji wa wodi ambaye hatufahamiani. Maji yale ni ya msukumo tu na chumvi. Hayana saratani, hayana maambukizi. Na ini limeota, Mjomba! Limeota! Lile ini gumu la makovu, ile nusu tuliyokuachia, limeongezeka kwa kipimo cha kuonekana, na damu yapita ndani yake kuelekea inakotakiwa. Nimeiona picha. Kwa macho ya mtu mwingine ni ukungu mweusi na mweupe, kwangu mimi ni mwezi wa Idi.

Hatujamaliza. Makovu hayaondoki, na utakunywa dawa ya virusi kila siku ya maisha yako. Ramadhani hii hufungi, na hilo ni amri yangu na ya Joy, utalisha maskini. Usinibishie. Na Nasser apimwe homa ya ini, na ndugu zake wote. Mimi nilipimwa nilipoanza chuo na sinayo. Sikuwahi kukuambia, na wewe hukuwahi kuniuliza, na sote wawili tulikuwa tunajua kwa nini.

Uliniuliza mara mbili kuhusu Idi. Sikukujibu kwa sababu niliogopa nitakachokikuta nikifika. Mara ya mwisho nilipoitwa nyumbani kwa haraka ilikuwa kwa ajili ya mama, na tangu siku ile mlango wa nyumba ile nikiukaribia naupita kama si wetu. Nilisomea ini kwa sababu yake. Nilikuwa nafanya hesabu kwamba nikilijua vizuri, halitanichukulia mwingine. Idi hii siwezi, nina mtihani wiki ile ile. Lakini nisingekuja hata bila mtihani, nami nimechoka kukuficha hilo.

Barua yako ya mwisho ndiyo ya kwanza iliyosema ukweli kuhusu mama. Ahsante.

Areej


Kibokoni, Mombasa
12 Aprili 2025

Areej wangu,

Salaam za Idi iliyopita, na za ijayo kabisa nikupe mapema. Mona akusalimu, amekushonea deira jipya bila kujua kipimo chako, kwa hiyo ama utanenepa ama utalivaa na mwenzako wa chumba. Nasser na ndugu zake wote wamepimwa. Mmoja tu anayo, Nasser mwenyewe, na Daktari Joy amesema imegunduliwa mapema kabisa, ini lake bado zima, atafuatiliwa. Alilia kidogo, kisha akaenda kazini. Ingelikuwa zamani tungeligundua siku ya kitambaa cha nguo pana. Nimemshika mkono nikamwambia wewe una bahati kuliko mimi, na mimi nimekuwa na bahati kuliko shangazi yako.

Mikono yangu imepoa! Mona ndiye aliyegundua, nilipomshika shingo kumtania akaruka. "Wewe, mikono baridi hiyo!" akasema, nami nikapiga kigelegele mimi mwenyewe, mwanamume mzima, jirani wa juu akateremka kuuliza nani kaolewa. Kifundo kimetulia. Presha imepanda kidogo, Daktari Joy akafurahi, na mimi nikamwambia sijawahi kumwona mtu afurahiaye presha kupanda. Kanzu zangu nimezirudisha kwa Hadi fundi azipunguze. Amesema mara hii niamue.

Sikufunga, nimetii. Ilikuwa ngumu kuliko kisu chenu. Adhuhuri najifungia nikanywa uji wangu kama mwizi. Lakini nimelisha watu kila siku, na Daktari Joy amenikumbusha kwamba mgonjwa aliyepewa ruhusa naye ana thawabu zake.

Achari ya Mejumaa imekwisha yote kabla ya siku ya Idi. Waarabu wa Malindi wametuma salaam kwamba mkono wa Muhdhar haujabadilika. Mejumaa alisikia, akanitazama, nikamwambia usicheke, pokea pesa. Kisha tukacheka wote wawili mpaka tukashika mapipa. Iliniuma pia, nakuambia ukweli. Siku mbili. Kisha ikapita.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, ndiyo sababu ya kuandika. Ipo achari ya ndimu ambayo hujaila tangu u mtoto, ile nyeusi. Hutiwa chumvi, huanikwa, hufungwa ndani ya pipa kwa nta, na haifunguliwi mpaka miaka miwili ipite. Babu yako alitia moja kila mwaka. Mimi nami nilikuwa natia, mpaka mwaka ule mliponiambia nina uvimbe. Tangu siku hiyo nimetengeneza mabirimbi na maembe tu, vitu vya wiki moja, vya mwezi mmoja. Mejumaa aliniuliza kwa nini, nikamwambia ndimu ghali.

Leo asubuhi nilinunua ndimu magunia mawili. Nilizikata mwenyewe, Mejumaa akaonja, mimi nikayeyusha nta. Juu ya kifuniko nimeandika tarehe ya leo, na chini yake tarehe ya kufunguliwa, mwezi wa nne mwaka wa elfu mbili ishirini na saba. Ile saba ilitoka hafifu. Nikaiandika tena juu yake, nene, isomeke.

Mjomba wako,
Muhdhar